Podikasti ya akina mama wa mpakani: mahojiano, stori za watu wawili au simulizi?

DadaWaBusia
Habari zenu wadau. Niko Busia upande wa Uganda, mimi na binamu yangu tunataka kuanzisha podikasti ya Kiswahili kuhusu akina mama wanaovusha bidhaa hapa, mahindi, samaki, mayai, nguo, ile biashara ndogo ambayo redioni unaisikia tu siku mpaka ukiwa na shida. Tumekwama kwenye fomati. Binamu anataka mahojiano ya saa nzima, mgeni mmoja kila wiki, kama wale wa YouTube wa Kampala. Mimi naona tukae sisi wawili tupige stori. Rafiki yetu naye anasema simulizi, yaani msimulizi, sauti za soko, muziki. Tuna simu mbili na maiki moja ya kubana kwenye nguo, na wasikilizaji tunaowalenga ni watu wa WhatsApp, bando dogo. Mngeanzia wapi?

FundiSautiJinja
Dada karibu. Kabla ya fomati jiulize nani ataongea na ana muda gani, kwa sababu mahojiano ya saa nzima yanabebwa na mgeni, na mama mwenye debe la samaki juani hana saa nzima ya kukupa, wateja wanapita, askari wa soko anapita, mtoto analia, atakupa dakika tano nzuri sana halafu akili inarudi kwenye mzigo. Wale wa Kampala wanahoji wanasiasa na wanamuziki, watu waliozoea kuongea na wanaotaka kusikika. Tena mgeni mmoja kila wiki maana yake akikosa kuja, wiki hiyo huna kitu.

Stori za watu wawili ni rahisi kutengeneza ila hapo mtakuwa mnawaongelea akina mama wakati wao wenyewe hawapo. Mimi ningechanganya: kila epsodi mada moja, sauti tatu nne fupi zilizorekodiwa pale pale wanapofanyia kazi, halafu wewe na binamu mnaziunganisha mkieleza. Mfano ile Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Mwenye lori ana lake la kusema, aliyekuwa na gunia mbili ana lake, mnunuzi wa upande wa pili pia. Mgeni mmoja hawezi kukupa picha hiyo hata umkalishe siku nzima.

MwalimuTororo
Naunga mkono ila naongeza jambo moja ambalo kwa hapa kwetu naliona kubwa kuliko yote, lugha. Mama wa Busia ataanza Kiswahili vizuri, akifika mahali panapomuuma anahamia Kisamia au Kiteso au Luganda, na hapo ndipo maneno ya kweli yanapotoka. Kwenye mahojiano mtakuwa mnamkatiza, mama sema kwa Kiswahili, na mnaua kitu. Kwenye hii ya kuunganisha mnamwacha aseme anavyosema, msikilizaji anasikia sauti yake kidogo, kisha binamu anaeleza kwa Kiswahili. Kiswahili kimeandikwa kwenye katiba kama lugha rasmi ya pili tangu 2005 lakini wengi bado tunakiongea cha sokoni, na hicho hicho ndicho podikasti yenu inakihitaji, msimsahihishe mtu.

BodaNaRedio
Mimi nitapinga kidogo. Simulizi na kuunganisha sauti kunakula muda wa kuediti vibaya sana, watu wanaanza na moto epsodi ya tatu wanapotea. Watu wa Uganda tunapenda mjadala, wakubwa wanakumbuka ebimeeza, watu wamekaa baa wanabishana mambo ya nchi moja kwa moja redioni hadi serikali ikapiga marufuku 2009. Kwa nini msikalishe akina mama watano wabishane?

FundiSautiJinja
@BodaNaRedio hoja ya muda ni kweli kabisa, ndiyo maana nimesema sauti tatu nne, sio kumi, na muziki waachane nao kwanza. Lakini watu watano kwa maiki moja ya kubana, hapana. Aliyeivaa atasikika, wanne watakuwa mbali, na wakiingiliana msikilizaji hajui nani ni nani maana hawaoni. Mjadala ufanywe siku wakipata maiki za kutosha.

DataNiGhali
Naongelea faili tu. Mazungumzo hayahitaji stereo, yaani sauti ya njia mbili, toeni MP3 mono, ya njia moja, ya kilobiti 64 kwa sekunde, dakika 20 inakuwa kama MB 10 hivi. Mkitoa kwa 128 inakuwa mara mbili, na mkumbuke bando lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Kurekodi mrekodi kwa WAV, faili kubwa isiyobanwa, na mtunze, MP3 iwe ya mwisho. Ninyi wawili kila mtu arekodi kwa simu yake, pigeni kofi moja mwanzoni muipate sehemu ya kulinganisha. Video achaneni nayo kwa sasa.

DadaWaBusia
Asanteni sana, hii ya lugha sikuwa nimeiwaza kabisa na binamu amekubali papo hapo. Basi tunaanza na ile ya cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, karatasi ya kuonyesha bidhaa imetoka nchi ya Jumuiya, ile ya mzigo usiozidi dola 2,000, maana kila siku watu wanatuuliza. Dakika 20, sauti tatu. Swali la mwisho, wanaopitia njia za panya tuwarekodi?

MwalimuTororo
Hapo uwe makini dada. Sauti inatambulika, soko lile wote wanajuana. Msikilize, andika, kisha mseme ninyi bila jina wala alama ya mahali. Na hata wale wa cheti, kabla ya kupandisha warudishie wasikie kipande chao, mtu akisema toa, toeni.

DadaWaBusia
Sawa mwalimu, tutafanya hivyo. Nikiwa na kipande cha kwanza nakileta hapa mnisikilizie.