PS3 (mashini ya PlayStation ya kuchezea gemu runingani) ilikuwa yachukua watu saba, PS4 wanne tu. Kwa nini? Na hii tachipadi, kibao cha kugusa kwenye padi ya kuchezea, kazi yake nini?

binamu_wa_langoni

Assalam aleikum wana. Mimi niko Lamu, Langoni. Kwetu ikiingia Ramadhani tukishatoka tarawehe mabinamu wote wajaa sebuleni kwetu, tandiko chini, kahawa kando, mpira unapigwa mpaka daku. Miaka ilopita tulikuwa na PS3 na tulikuwa tunacheza watu SABA kwa pamoja kwenye FIFA, gemu ya mpira, wanne upande huu watatu upande ule, kila mtu na padi yake. Mwakumbuka zile taa nne nyekundu za padi? Wa kwanza hadi wa nne kila mtu na taa yake moja, wa tano inawaka ya nne pamoja na ya kwanza, wa sita ya nne na ya pili, wa saba ya nne na ya tatu, yaani unajumlisha. Mdogo wetu wa mwisho kujumlisha kalijua pale kabla hajapelekwa shule.

Sasa ami yangu katuletea PS4 kutoka Mombasa, mzigo mzuri, picha safi, Mungu amjaze kheri. Usiku wa kwanza naunganisha padi ya tano, yakataa. Nikadhani padi mbovu nikabadilisha, yakataa vilevile. Ndo nikajua mwisho ni wanne. Tangu siku hiyo wanne wacheza watatu watazama, na wanaotazama ni walewale kila siku, wale wadogo, zamu yao ikifika usingizi umeshawachukua.

Swali langu, mashini mpya yenye nguvu kuliko ya zamani inakuwaje ichukue watu wachache? Halafu padi yenyewe wameijaza vitu, tachipadi katikati, spika, taa kubwa kwa mbele, na ukiiinamisha yajua imeinama, lakini gemu tunazocheza hivi vyote havina kazi, hiyo tachipadi ni kitufe kikubwa cha kufungulia ramani basi.

Na jambo la mwisho, ndilo linaloniuma zaidi. Binamu yangu mmoja ni mvuvi, mshipi ulimkata kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kimebaki kipande. R2, kitufe cha nyuma upande wa kulia, haifiki vizuri, na R2 ndo mbio kwenye mpira. Kaacha kucheza, akija hukaa mlangoni akasema yeye ataangalia tu. Kuna namna?

fundi_padi_malindi

Waaleikum salaam kaka. Mimi natengeneza padi hapa Malindi, acha nikujibu nijualo.

PS3 inakubali padi saba kwa Bluetooth, PS4 inakubali nne, na kwenye PS4 kila padi lazima iingie kwa jina la mtu au kama mgeni. Hiyo ni mipaka ya mashini yenyewe, hata gemu ikitaka wa tano haipati. Nguvu haihusiani, kwa sababu Xbox One, mashini ya Microsoft, imetoka mwaka mmoja na PS4, 2013, na inakubali padi nane. Ila uwe macho hapo, mashini kukubali nane si gemu kukubali nane, mwenye gemu naye ana mpaka wake, kwa hivyo kabla ya kununua chochote angalia nyuma ya kasha idadi ya wachezaji.

Na hii ya kupungua haikuanza leo. PS2 ilikuwa na matundu mawili tu ya padi, mkitaka zaidi mwanunua multitap, kifaa cha kuongeza matundu, wakati Nintendo 64 tangu 1996 ina matundu manne bila kununua kitu. Sega Saturn, mashini nyingine ya zamani, ilikuwa na gemu ya Bomberman ya watu KUMI kwenye runinga moja, ni 1996 hiyo.

Upande wa vitu visivyotumika, kuna kimoja mimi bado nakililia. Padi za PS2 na PS3 vile vitufe vyenyewe vilikuwa vinajua umebonyeza kwa nguvu gani. Gran Turismo 3 ukibonyeza X kidogo gari yaenda taratibu, ukikaza yaondoka. Metal Gear Solid 2 ukiachia kitufe polepole askari wako ateremsha bunduki bila kufyatua, ukiachia ghafla risasi imetoka. Gemu chache zilitumia, na ilipokuja padi ya PS4 wakakiondoa, na watu wengi waliishi na kitu hicho mkononi miaka kumi na tatu hawakijui.

Zile padi zako za PS3 usitupe! Kama zinajibonyeza zenyewe, ugonjwa wake ni sponji ndogo iliyo nyuma ya ile karatasi ya mistari ya umeme ndani, huwa inalala kwa uzee, karatasi haigusi vizuri. Fungua skrubu tano za nyuma, nyanyua taratibu usikate waya wa betri, weka kipande cha karatasi kilichokunjwa nyuma ya sponji ikaze, funga. Padi nyingi zinazoletwa kwangu zimekufa hazijafa, ni hiyo sponji tu. Na huku kwetu pwani ukimaliza kucheza zifunike, chumvi ya upepo yala vyuma.

dada_wa_shela

Jamani hao wadogo wanaolala wakingoja zamu, mmenikumbusha kwetu, mimi ndo nilikuwa wa kulala. Wavulana wakishika padi hawaachii.

Mimi nina Switch, mashini ya Nintendo. Inakubali mpaka nane, na Super Smash Bros. Ultimate watu nane wote wapigana kwenye skrini moja, TowerFall ya Switch ni sita, wakati kwingine ni wanne. Lakini Mario Kart 8 Deluxe kwenye runinga moja ni wanne basi, na hapo utaona kwa nini. Mkiwa wawili picha yaenda fremu 60 (picha 60) kwa sekunde, mkifika watatu au wanne yashuka 30, kwa sababu mashini inachora barabara nzima mara nne, kila mtu na yake. Gemu za kugawa skrini kweli ni mzigo. Ila mpira? Mpira kamera ni moja, uwanja mmoja wote mnautazama pamoja, hata mkiwa saba mashini inachora picha ileile moja. Ndo maana hasira ya kaka wa Langoni naiona ina haki kabisa.

Kama shida ni padi chache, Overcooked inaruhusu watu wawili kushika padi MOJA, huyu nusu ya kushoto huyu nusu ya kulia. Mimi na mdogo wangu tumeicheza hivyo, bega kwa bega, mpaka mabega yalikuwa yananuka jasho la mmoja na mwenziwe, na tulikuwa tunasikilizana kuliko siku zote. Bado mwisho ni wanne lakini padi mbili zatosha.

Na mkitaka kuwashirikisha wengi kwenye PS4, zipo zile za Jackbox, simu ndo padi, kila mtu afungua mtandao kwenye simu yake, nyingi zachukua mpaka nane. Mushkila yake ni lazima intaneti iwe imara na maneno yake mengi ni ya Kiingereza, wadogo itabidi mtu awatafsirie.

PS5_ya_Mkomani

Mimi naongeza la PS5 maana watu wadhani ukinunua mpya mambo yamekwisha. Padi ni nne vilevile, na zile za PS4 huwezi kuchezea gemu za PS5, ni gemu za PS4 tu, kwa hivyo mkitaka kuwa wanne mwanunua zote upya na padi ya PS5 bei yake si mchezo.

Watengenezaji wengi wameelekea mtandaoni, kila mtu kwake. Halo, ambayo ilikuwa ndiyo gemu ya kukaa kochi moja, ya 2015 ilitoka haina kugawa skrini, halafu ile Infinite waliahidi kampeni, yaani hadithi yake, ya kugawa skrini na 2022 wakasema haiji tena. Lakini Gran Turismo 7 mwishoni mwa 2023 kugawa skrini kuliongezwa mpaka watu wanne kwenye PS5, kwa hivyo mtu akitaka yawezekana.

Padi ya PS5 ina R2 na L2, mwenziwe wa kushoto, zinazokaza zenyewe. Kwenye Returnal ukivuta L2 nusu walenga, ukivuta yote silaha inabadilika kazi, katikati wahisi kama kizingiti. Kitu kizuri sana na gemu nyingi hazikigusi. Na huko kuinamisha padi, jairo, ukizoea kulenga nayo hutarudi nyuma, Splatoon wamefanya hivyo tangu 2015. Hata kwenye PS4 yako, ukiwa waandika kwenye kibodi ya skrini bonyeza R3, yaani kijiti cha kulia, waielekeza padi kama kurunzi kwenye herufi. Jaribu.

Sasa huyu binamu mvuvi, hapo ndo pa kukaa. PS4 ingia Settings, kisha Accessibility, kisha Button Assignments, badilisha R2 na L2. Mbio zitahamia mkono wa kushoto. Na mpira wenyewe una sehemu yake ya kubadili vitufe. Usimwambie maneno mengi, mwekee halafu mpe padi.

binamu_wa_langoni

Allah awalipe nyote. Nimefanya hivi. PS3 nimeitoa kabatini, padi mbili zilikuwa zajibonyeza, nikafungua kama alivyosema fundi, kweli sponji imelala kama ukoko, nikaweka karatasi ya daftari, zimepona. Ijumaa tulirudi saba. Picha si safi kama ya PS4, hakuna hata mmoja aliyesema.

Binamu mvuvi alikuja jana, nikamwekea PS4 na vitufe vimeshabadilishwa, nikampa padi yenye taa ya buluu, ya mchezaji wa kwanza, akaishika akaigeuzageuza. Dakika za mwanzo alikuwa akisahau, kidole cha kulia chatafuta R2 hakipo, beki wake amesimama. Kipindi cha pili kashika njia. Katufunga tatu. Alipoondoka alfajiri kwenda kuangalia mashua aliniuliza, kesho pia vitufe vitakuwa hivihivi? Nikamwambia havibadilishwi tena.

Fundi, kama una padi za PS3 za kuuza, mbili tu, nijulishe bei. Kuna wa nane na wa tisa wanakuja Idd, watacheza zamu lakini nataka ziwepo za akiba.

fundi_padi_malindi

Ninazo tatu, moja analogi yake, kijiti cha kuelekezea, yajiendea kushoto, hiyo sikuuzii. Mbili safi nakuwekea kando.