Nimepigwa: mawe hai yamefika maiti, na mchanga wa matumbawe kumbe wa plasta

Wakuu, nina hasira, mtanivumilia.

Nipo Kirumba, Mwanza. Ziwa liko mlangoni lakini roho yangu ikataka kufuga samaki wa baharini, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Tangi la lita 120, chumvi maalumu nimechanganya mwenyewe gramu 35 kila lita, hita nyuzi 25. Hapo sina kosa. Kosa langu ni kumwamini jamaa wa Dar aliyesema ana kila kitu.

Mawe hai, yale ya baharini ya kusafishia maji ya tangi, kilo 12 yakashushwa stendi ya Nyegezi kwenye kiroba cha mchele. Kiroba! Mawe haya husafirishwa yamefungwa magazeti yaliyoloa, maana unacholipia si jiwe, ni bakteria na vijidudu vilivyojificha kwenye vitundu vyake. Yangu yamepigwa joto la buti ya basi zaidi ya kilomita 1,000, makavu kama kuni. Kufungua tu, harufu ya dagaa walionyeshewa siku tatu. Mama mwenye nyumba akaja kuuliza kuna nini kimeoza humu.

Nampigia muuzaji, eti "tumbukiza tu, kesho tia samaki". Nikatia wawili. Ujinga wangu, nakubali. Siku ya pili wako juu ya maji wanatweta, matamvua mekundu, jioni chali. Uozo wa kwenye mawe umegeuka amonia, sumu kwa samaki, na bakteria wa kuila ndio hao waliofia njiani. Hata mawe yakiwa mazima unasubiri wiki kadhaa: bakteria wageuze amonia iwe nitriti (nayo sumu), nitriti iwe nitrati (sumu yake ndogo), ndipo samaki. Mtu anauza vitu hivi halafu hilo halijui?

Mchanga sasa. Nikachota kijiko, nikadondoshea siki. Mchanga wa matumbawe ni chokaa, ungetoa povu papo hapo. Kimya. Nikauanika juani: chenga zinametameta, zilezile za mchanga wa plasta. Nimelipa elfu 60, na nauli ya basi juu, kwa mchanga ambao tripu zake zinamwagwa hapa mtaani kila siku! Fundi anayejenga jirani kacheka mpaka kakaa chini.

Nimemtumia muuzaji picha, kanibloku. Leo asubuhi kipimo cha amonia bado kijani kibichi, wakati salama ni njano. Mwenye kujua muuzaji wa kweli wa mchanga wa matumbawe aje inbox. Ila kama naye anafunga mzigo kwenye viroba, baki naye hukohuko.