PT ya QS: ofisi ya washauri au saiti ya mkandarasi?

Mchoro_Mpya

Wakuu habari za leo. Niko mwaka wa pili wa ukadiriaji majenzi (QS), na PT, yaani mafunzo kwa vitendo, inaanza mwezi wa saba, wiki nane. Nina nafasi mbili mkononi: ofisi ya washauri wa QS hapa Dar, na mkandarasi anayejenga ghorofa nne, sasa hivi wako kwenye nguzo za ghorofa ya kwanza. Ofisi haitoi posho, mkandarasi anatoa nauli na chakula cha mchana. Darasani tumepima msingi na kuta kwa karatasi, ila bei ya kazi sijawahi kuijenga hata moja. Niende wapi, na nijiandae na nini?

Nondo16

Nenda saiti. Jengo likiwa kwenye nguzo, wiki nane zinatosha kuona nondo, fomu (boksi la kumwagia zege) na zege vikipita mbele ya macho yako mara kadhaa, na kila kimoja kina kipimo chake: nondo kwa kilo, fomu kwa mita za mraba, zege kwa mita za ujazo.

Bei unayosema hujawahi kuijenga, itakujia pale. Chukua zege la 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mita moja ya ujazo ya zege lililoshindiliwa hula takriban 1.54 za vifaa vikavu. Gawa kwa 7, saruji ni 0.22; zidisha kwa kilo 1,440 (uzito wa mita ya ujazo ya saruji), unapata kilo 317, yaani mifuko 6.3 ya kilo 50. Mchanga 0.44, kokoto 0.88. Ongeza asilimia 5 ya upotevu, kisha weka maji, mikono ya watu, mashine ya kuchanganyia na vaibreta ya kushindilia. (Nguzo za ghorofa nne huenda zinatumia zege la daraja la juu kuliko hilo. Uliza mchanganyiko aliouidhinisha mhandisi, usihesabu kwa mazoea.)

Jioni kabla ya kumwaga, pima nguzo zote kwenye mchoro. Kesho yake hesabu mifuko mitupu. Ukikuta imeenda mifuko minane kwa kila mita ya ujazo wakati hesabu inasema chini ya saba, basi ama ndoo ya mchanga haijazwi sawasawa, ama fomu imetanuka, ama mifuko imetoka getini. QS wa mkandarasi anakula kwa kujua ni ipi kati ya hizo tatu.

Nondo nazo: kipenyo kwa milimita, kizidishe chenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo kwa mita. Milimita 12 ni 0.89, milimita 16 ni 1.58. Kata kipande cha mita moja cha "16" iliyoletwa, kipime kwenye mizani. Kikisoma kilo 1.4, hiyo ni nondo ya milimita 15, na mkandarasi ameuziwa hewa.

Kipimo_Wima

Namheshimu mkuu Nondo16 ila hapa tutabishana kidogo. Kinachowapata wanafunzi wengi saiti ni kugeuzwa msaidizi wa stoo: wiki nane za kupokea malori ya mchanga na kusaini delivari. Kabla hujakubali, muulize QS wao wazi: nitapima nini, na nani atakagua vipimo vyangu? Asipokuwa na jibu, au hawana QS kabisa pale saiti, usiende kwa sababu ya nauli.

Ofisini utapima kutoka kwenye michoro mpaka BOQ (orodha ya kazi zote na vipimo vyake), na makosa yako yatasahihishwa na mtu aliyesajiliwa. Hakikisha ofisi yenyewe imo kwenye orodha ya AQRB, bodi inayosajili wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, maana wapo wanaofanya kazi hii bila usajili na sahihi yao kwenye logibuku (daftari lako la kumbukumbu za PT) haina uzito.

Makosa ya mwanafunzi ofisini nayajua kwa mpangilio. La kwanza ni mstari wa kati wa ukuta. Nyumba ya nje kwa nje mita 10 kwa 8, ukuta 0.23. Mzunguko wa nje ni 36; toa 4 × 0.23, unabaki na 35.08. Mtaro wa upana 0.7 na kina 1.2 ni mita za ujazo 29.47. Aliyetumia 36 anapata 30.24, kwa sababu kila pembe ameipima mara mbili. Na hiyo 29.47 ni udongo ukiwa bado ardhini. Ukichimbwa unaumuka, mara nyingi kwa asilimia 25 hadi 30, kwa hiyo kwenye malori ungekuwa kama 37 au 38. BOQ haiongezi hiyo. Mkandarasi anaiweka kwenye bei yake.

La pili ni skeli. Mchoro wa A1 ulioandikwa 1:100 ukichapwa kwenye A3 unakuwa 1:200, na maandishi ya 1:100 yanabaki palepale yakikudanganya. Ukipimia kwenye kompyuta, linganisha kwanza na kipimo kilichoandikwa. Kosa la asilimia 2 kwenye urefu ni asilimia 4 kwenye eneo na 6 kwenye ujazo. Palipo na namba iliyoandikwa, rula iweke chini.

La tatu: anatoa eneo la dirisha kwenye ukuta, anasahau kulitoa kwenye lipu, au analitoa kote halafu anasahau kurudisha lipu ya kingo za dirisha.

Mtaa_wa_Saba

Mmesahau njia ya tatu, halmashauri. Majengo mengi ya shule na vituo vya afya yamekuwa yakijengwa kwa fosi akaunti: vifaa vinanunuliwa na mwenye mradi, fundi analipwa ufundi tu. Kule BOQ ya kawaida haitoshi, lazima uivunje iwe orodha ya vifaa: mifuko mingapi, tripu ngapi za kokoto, nondo ngapi za mita 12, misumari kilo ngapi. Ni shule nzuri sana ya kujenga bei. Ubaya wake, unaweza kufika kipindi ambacho fedha hazijashuka ukakaa bure.

Cheti_Namba_Nne

Popote utakapoenda, omba ukae na cheti kimoja cha malipo (hati ya kumlipa mkandarasi kwa kazi aliyofanya) tangu kupima saiti hadi kutoka. Mfano: kazi iliyofanyika tangu mwanzo milioni 180, vifaa vilivyopo saiti milioni 20, jumla 200. Mkataba unasema zuio, yaani fedha inayoshikiliwa kwanza, ni asilimia 5 ya jumla hiyo: toa 10, inabaki 190. Vyeti vilivyopita, bila VAT, ni 130. Kinachodaiwa ni milioni 60. VAT asilimia 18 ni 10.8, cheti 70.8.

Mwanafunzi hukosea sehemu mbili. Anatoa malipo yaliyopita yakiwa na VAT ndani, kwa hiyo anampunja mkandarasi. Au vifaa vya mwezi uliopita vimeshajengwa, vimehesabiwa kwenye kazi, na bado ameviacha kwenye orodha ya vifaa vya saiti. Nenda stoo ukahesabu upya kila mwezi, usinakili. Kama kulikuwa na malipo ya awali, angalia pia mkataba unasema yanarudishwa kwa kiwango gani kila cheti.

Logibuku usiandike "nilishiriki upimaji". Andika "nimepima fomu ya nguzo 12 za 300 × 300, urefu 2.9, mita za mraba 41.76", na ubandike karatasi ya vipimo. BOQ ya zabuni ukiitaka kwenye ripoti, omba ruhusa na ufute safu ya bei. Wapo wanaopiga picha makadirio ya siri ya mwenye mradi na kuyatuma kwenye magrupu. Hilo linaweza kukuondoa siku hiyohiyo, na aliyekupokea akaingia matatani.

Mchoro_Mpya

Asanteni sana wakuu. QS wa mkandarasi yupo saiti siku tatu kwa wiki. Je, naweza kuomba nigawanye, wiki nne huku na nne kule? Na nijifunze programu ya kupimia kabla?

Kipimo_Wima

Siku tatu zinatosha. Kugawanya usifanye: wiki ya kwanza popote huwa ya kuzoea, utapoteza mbili. Chukua saiti, ile ofisi waandikie mapema kwa PT ya mwaka ujao. Programu iache kwanza, Excel inatosha, ila usiandike jumla tupu kwenye seli. Weka idadi, urefu, upana na kina kila kimoja kwenye safu yake, ili anayekagua aone 35.08 ilitoka wapi.

Nondo16

Na buti, kofia ngumu, rifleksa na tepu ya mita 5 vya kwako mwenyewe. Vya saiti huwa vimekwisha kuchukuliwa saa moja asubuhi.