Ukoo wa Bi Mize, Jambiani

JUMATANO

Rahma (20:06): Asalaam alaykum jamaa wote. Shikamooni wazee wangu. Nakumbusha kikao cha Jumamosi baada ya sala ya alasiri, barazani kwa Bibi. Jambo ni moja tu, kuupeleka mwani wa aina ya cottonii maji makubwa, kwenye kina. Kila nyumba 50,000 ya nyavu na kamba. Naomba majibu leo leo.

Rahma (20:41): Naona mmeshasoma wote. Hata mmoja?

Said Muscat (20:44): Waalaykum salaam. Mimi nimo. Ntatuma.

Makame (20:45): Said anatuma tangu Idi kubwa 😂😂

Rahma (20:47): Makame, si sasa. Leo nimeshuka na Shangazi Zuwena, saa nne maji yameshakupwa. Kilichobaki juu ya mchanga kina moto mpaka mguu unashtuka. Cottonii tuliyoifunga bamvua lililopita, maji yalipokupwa sana, imekuwa nyeupe kama ukucha, ukiishika inakatikia mkononi. Kamba nzima taitai, vile vikamba vya kufungia mbegu, zinaning'inia tupu. Na mbegu ile tumeinunua.

Rahma (20:47): 📷 Picha

Rahma (20:48): 📷 Picha

Ami Haji (21:10): Mwanangu, mwani kufa ni siku zote. Kaskazi maji hupata moto, kusi ikivuma yakapoa. Bahari ina tabia zake. Nyinyi mkisoma mnaona dunia imeanza siku mliyoingia chuo.

Rahma (21:16): Shikamoo Ami. Kaskazi kuwa na joto sibishi. Nnachosema ni kuwa cottonii zamani ikifa kaskazi, kusi inarudi. Sasa tunapanda mbegu mpya kila mara na hairudi. Mwani unataka maji ya nyuzi 25 mpaka 30. Mchana wa kaskazi, maji haya ya kiuno yanapita hapo. Watu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari wamelifuatilia miaka, Dk. Flower Msuya na wenzake, ndio wakaja na nyavu za mrija. Unautia mwani ndani ya wavu mrefu, unaufunga pasipokauka, maji yana ubaridi na wimbi haliukati. Cottonii bei yake inakaribia mara mbili ya spinosum, ule mwani wetu mwengine. Tukibaki na spinosum peke yake tunavunjika mgongo kwa bei ya chini, na hiyo nayo imeanza kuumwa.

Ami Haji (21:24): Juzi barazani ulisema watu wazima tumewaharibia dunia. Nilinyamaza kwa sababu palikuwa na wageni. Sasa nakuuliza, mimi nimeharibu nini? Nimesoma kwa koroboi. Nimevua kwa ngalawa ya tanga miaka yote. Kiwanda changu kiko wapi?

Rahma (21:29): Huna kiwanda Ami. Mtanzania mmoja, kaboni anayotoa kwa mwaka haifiki nusu tani. Mmarekani mmoja anapita tani 10. Deni si lako. Ila joto limekuja kwetu, na Shangazi ndiye anayeingia nalo majini asubuhi.

Makame (21:30): Kumbe mwenye kesi ni Said na AC zake

Said Muscat (21:31): Njoo Muscat mwezi wa saba uzime AC tukuone mwanamme

Makame (21:31): Na lile gari lake linalokunywa mafuta 😂 Ami, mshitaki mtoto wako

Mwajuma (21:32): 😂😂😂

Said Muscat (21:33): Mafuta huku rahisi kuliko maji jamani

Rahma (21:35): Jamani mwani. Tukilipitisha bamvua hili, jingine mpaka wiki mbili.

Shangazi Zuwena (22:18): 🎤 Sauti 2:40

Rahma (22:27): Kwa ambao hawana bando la kusikiliza, Shangazi anasema hivi: "Mie maji makubwa siyakatai kwa ubishi. Sijui kuogelea. Sisi wanawake tangu mwani ulipoingia 1989 tunafunga maji ya kiuno, vijiti vyetu, kamba zetu, na tunarudi kwa miguu. Maji makubwa yanataka boti, na boti ni za wanaume. Mwisho wake tutakuwa vibarua kwenye mwani wetu wenyewe. Nijibiwe hilo kwanza."

Makame (22:29): Mama na boya la rangi ya chungwa, wallahi ntapiga picha 😂

Said Muscat (22:29): Bibi naye apewe lake 😂

Rahma (22:34): Hilo la Shangazi ndilo lenye uzito kuliko yote, na nyinyi mnacheka. Shangazi, kuogelea kunafundishwa, tena mwanamke kwa mwanamke, na nguo zako za heshima. Mimi mwenyewe ntakuwa na wewe. Boti nayo isiwe ya kukodi. Ngalawa ya Ami iko juu ya mchanga tangu mwaka jana.

Ami Haji (22:36): Ngalawa yangu si mali ya ukoo.

Shangazi Zuwena (22:37): Na minazi ya pwani ilikuwa mali ya nani?

Ami Haji (22:50): Zuwena, hayo yalikwisha. Tulisikilizana marehemu baba akiwepo.

Shangazi Zuwena (22:52): Baba alikuwa kitandani hajui usiku wala mchana. Fungu langu mpaka leo sijalitia mkononi. Minazi imekatwa, hoteli ikajenga ukuta, mchanga wa upande wetu unaliwa kila kusi. Mimi na kapu langu la mwani kichwani nazunguka huko kwa mbali, kwa sababu njia ya kushukia imefungwa. Halafu leo ngalawa si ya ukoo.

Said Muscat (22:55): Baba, Shangazi, nawaomba. Watoto wamo humu.

*Ujumbe huu umefutwa*

Rahma (23:04): Shangazi, Ami, hili naomba tulijadili tukiwa tumekaa. Mchango lakini usisimame.

ALHAMISI

Mwajuma (07:12): Asalaam alaykum. Bibi kaniambia nimsomee yote ya jana, nimemsomea. Ameniambia niandike neno kwa neno.

Mwajuma (07:15): "Mwaka ule wa El Niño, 1998, babu yenu alirudi kuvua akaniambia matumbawe yamekuwa meupe, hajapata kuyaona vile toka azaliwe. Akasema bahari inaumwa. Mimi nikamjibu itapoa. Mengine yalipona, mengine yalikufa pale pale, na samaki wale changu tuliowazoea hakuwaona tena. Rahma anasema kweli. Haji, ngalawa ishushwe maji. Aliyeichonga ni baba yako. Zuwena, fungu lako nalijua ni kiasi gani na liko kwa nani, nitalisema mbele yenu nyote nikiwa hai. Na wewe Rahma, siku nyengine usiwaite watu wazima barazani kwangu kabla hujaja kuniuliza mimi."

Ami Haji (09:40): Nimesikia mama.

Rahma (09:41): Nimekuelewa Bibi. Nakuja leo baada ya magharibi.

Ba'mdogo Khamis Mjini (13:05): Asalaam alaykum. Ndio kwanza naona ujumbe. Jumamosi nina harusi Mwanakwerekwe, mimi ndiye walii. Haiwezekani Jumapili?

Rahma (13:09): Ba'mdogo shikamoo. Jumapili alasiri inawezekana, nikishamuuliza Bibi. Mchango wako lakini utangulie.

Said Muscat (13:20): Nimetaka kutuma sasa hivi. Nitume kwa nani?

Shangazi Zuwena (13:22): Popote ila si kwa Haji.

Ami Haji (14:30): Nimeiangalia ngalawa. Inavuja chini kwa nyuma, inataka kalafati, na tanga limeoza. Fundi yupo Makunduchi.

Rahma (14:32): Basi 50,000 ya Said ianze na kalafati?

Shangazi Zuwena (14:33): Nyavu kwanza. Ngalawa ya mtu aitengeneze mwenyewe.

Makame (14:51): Mama, mimi ntawapeleka. Sitaki ujira. Kila bamvua, wewe na wenzako, na mwani wenu mtauza wenyewe.

Shangazi Zuwena (15:30): Kwanza nikuone umeamka alfajiri.

Rahma (15:34): Said tuma kwangu, ntaandika kila shilingi humu. Wengine?

Ba'mdogo Khamis Mjini (19:48): Kwa hiyo ni Jumamosi au Jumapili?