Kubadilisha filtri (chujio) ya esansi (petroli) Bukavu: dola 45 ama 15?

Mwana wa Kadutu
Jambo wote. Munisaidie kabla sijatoa pesa. Toyota yangu ikipanda kutoka Nyawera kwenda Kadutu inakosa nguvu na kutetemeka, ikifika tambarare inatulia kama vile hakuna kitu. Fundi wa garaji anasema ni filtri: 25 ya filtri, 20 ya kazi. Wa kando ya barabara anafanya yote kwa 15. Wa tatu anataka faranga 5 000 tu, aipulize na kompresa airudishe. Nimufuate nani?

Hilux ya Kavumu
Filtri ya karatasi ukiipuliza unaitoboa. Huyo wa tatu mwache. Mimi na D4D yangu, injini ya mazutu (dizeli), nabadilisha kila kilomita 10 000, mwenyewe. Natoa maji chini ya filtri, naweka mpya, nasukuma pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, nawasha. Nusu saa. Dola 20 ya kazi njo wizi huo.

Fundi wa Panzi
Hilux, umemuuliza kama gari yake inakunywa mazutu? Mwana wa Kadutu, Toyota gani, ya mwaka gani, esansi ama mazutu, imetembea kilomita ngapi? Bila hayo tunapiga ramli.

Mwana wa Kadutu
Pole. IST ya 2004, esansi. Kilomita sijui, konteri ilikufa kabla sijainunua.

Fundi wa Panzi
Basi filtri yako haiko chini ya kapo (boneti). Iko ndani ya tangi pamoja na pampu, unaifikia kwa kunyanyua kiti cha nyuma. Kwanza unakata umeme wa pampu na kuacha injini ijizime yenyewe, presha ishuke, kisha unatoa waya wa betri. Tangi isiwe imejaa. Raba ya mfuniko wa tangi lazima iwe mpya. Dola 20 kwa kazi hiyo si wizi.

Mama Teksi Nguba
Hiyo raba! Ngojeni niwaambie. Dereva wangu alipeleka teksi kwa fundi wa bei ndogo, saa sita imerudi, nikafurahi. Jioni abiria wa nyuma wanalalamika harufu ya esansi. Dereva: itaisha, ni ile iliyomwagika. Siku ya tatu mama mmoja alishuka na mtoto wake katikati ya njia, akakataa kulipa, na alikuwa na haki. Tukanyanyua kiti. Raba ilikuwa ile ya zamani, imezungushiwa silikoni, na esansi imeilainisha kama bugali ya mtoto. Vipande vilianguka ndani ya tangi, vikaziba kale kachujio ka chini ya pampu, pampu ikaungua. Nikalipa pampu, nikalipa kuosha tangi, gari ikalala siku nne bila kuniletea pesa ya siku. Na huyo dereva alikuwa anavutia sigara humo humo!

Yaya wa Ruzizi
Vuka daraja, nunua Kamembe, upande wa Rwanda.

Hilux ya Kavumu
Kamembe wanauza zile zile za kuigwa, na forodhani unalipa tena. Ubaya uko kwenye esansi ya bidoni. Muache kununua kwa ba-kadafi, wale wauzaji wa kando ya barabara.

Yaya wa Ruzizi
Wewe mwenye mazutu unajua nini ya esansi? Na siku stesheni zimekauka tusukume gari?

Hilux ya Kavumu
Nunua Hilux, utaacha kusukuma.

Mama Teksi Nguba
Nipe pesa ya Hilux basi.

Fundi wa Panzi
Turudi kwa gari. Kukosa nguvu kwenye mlima kunaweza pia kuwa buji (plagi) ama bobini (koili ya kuwasha), na hizo unazikagua bila kugusa tangi. Pima presha ya esansi: IST inatakiwa bari 3 na kidogo. Ikishuka unapokanyaga, hapo ongea habari ya filtri ama pampu. Huyo wa garaji alipima?

Mwana wa Kadutu
Hapana. Alisikiliza tu mlio, akaandika 45.

Yaya wa Ruzizi
Aliandika kwa karatasi? Huyo ni mtu wa maana.

Mwana wa Kadutu
Alinitumia kwa WhatsApp. Nani ana kipimo cha presha karibu na Nyawera, niazime Jumamosi?

Hilux ya Kavumu
Mimi ninacho. Lakini ni cha mazutu.