Mzee wa "ni rahisi tu", leo umezidi

Wakuu, jina sitaji, mnamjua. Yule ambaye ukimuuliza chochote kuhusu kuendesha redio kwa mbali, jibu lake ni "ni rahisi tu".

Leo kule grupu mgeni kauliza kistaarabu: redio yake ya ridhaa, Icom IC-7300, iko shamba, yeye yuko mjini, aiunganisheje? Akaambiwa: "Chomeka Raspberry Pi (kompyuta ndogo), washa rigctld (programu ya kuendesha redio kupitia mtandao), fungua poti 4532 kwenye ruta. Ni rahisi tu." Mgeni: na neti ikikatika redio ikiwa inarusha?

AKAJIBIWA EMOJI YA KUCHEKA. Moja. Kavu.

Wati 100 zimeganda hewani, feni inalia kama jenereta ya harusi, wewe unacheka! Poti hiyo ukiiacha wazi, mtu yeyote duniani anabonyeza PTT yako, yaani swichi ya kurusha. Pitisha kwenye WireGuard, VPN ya kuingilia wewe tu. Na kama neti ni ya laini ya simu, mara nyingi hata ukifungua poti hakuna kitu, IP mnachangia mtaa mzima. Kisha ingia kwenye menyu, Time-Out Timer ya CI-V (CI-V ndiyo njia ya Icom ya kupokea amri za kompyuta; taimu hii inakata urushaji muda ukiisha), weka dakika 3. Ni hilo tu alilotakiwa kuandika. Akaona aweke emoji!

Koaksi_Kavu: Na USB SEND, ile menyu ya kuchagua ishara ya USB inayowasha kurusha? Ukiiweka RTS (moja ya ishara hizo), Linux ikifungua poti ya serial inanyanyua RTS, redio inarusha hujagusa kitu. Iache OFF, PTT iende kwa amri ya CI-V.

BibiDipole: Mkuu, hiyo emoji si uioe tu 😂

Mleta mada: Na wewe unaweka ILEILE?

Shamba_HF: Mnalilia emoji, wenzenu umeme ukikatika na kurudi, jina ambalo Linux inaipa poti ya redio limegeuka kutoka ttyUSB0 kuwa ttyUSB1, programu haioni redio. Tumieni njia ya /dev/serial/by-id, jina lake halibadiliki.

Koaksi_Kavu: Umeme ukirudi 7300 yenyewe inabaki imezimwa. Amri ya kuiwasha kwa baud 115200 (kasi ya data) lazima itanguliwe na FE 150, yaani baiti ya FE mara 150, la sivyo haishtuki. Na 115200 huipati mpaka CI-V USB uiweke Unlink from REMOTE, yaani uitenganishe na tundu la REMOTE la nyuma.

Shamba_HF: FE 150? Hiyo ni amri au tasbihi?

Mleta mada: Wakuu, turudi kwenye mada. Kacheka!

Mzee_Balun: Kinachoniua mimi ni USB kujikata kila nikirusha. RF, mawimbi ya redio yenyewe, inapanda kwenye kebo.

Koaksi_Kavu: Feraiti (pete ya kuzuia RF kwenye kebo) ya aina ya mix 31, pitisha kebo mara tano hadi saba, ncha zote mbili.

Shamba_HF: Bora wewe. Jirani kafunga inveta ya sola, kelele S9 (kali kwenye mita ya redio) mchana kutwa, nasubiri jua lizame ndiyo nisikie watu.

BibiDipole: Mpelekee feraiti kama zawadi ya Idi.

Mleta mada: Jamani, EMOJI.

Mzee_Balun: Hiyo mix 31 mnaipata wapi? Niliyouziwa mimi haina hata namba.