Baraza la wanafunzi limegeuka pambo, nifanyeje?

Wakuu, habari zenu.

Nafundisha shule ya msingi na mwaka huu nimekabidhiwa baraza la wanafunzi. Uchaguzi ulikwenda vizuri: kura ya siri, watoto kwenye foleni, kila mmoja kakunja karatasi yake kama siri ya serikali. Shida imeanza baadaye. Wajumbe wanaitwa kupokea yaliyokwishaamuliwa na walimu (sare, usafi, kuchelewa) wakayatangaze madarasani. Juzi mjumbe wa darasa la pili kauliza kwa nini komeo la choo cha wasichana limewekwa juu, wadogo hawalifikii, mpaka mwenzako akushikilie mlango. Walimu wawili wakacheka, tukaendelea na ajenda. Kikao kilichofuata yule binti hakufungua mdomo.

Mwalimu mkuu hapingi baraza, ila hataki "bunge la kudai". Wenzangu wengine wanasema nafuga ukaidi. Niendeleeje bila kugombana na watu?

Chaki Mbili: Anza na hilo komeo. Bisibisi na dakika chache tu. Kikao kijacho tangaza kwamba limeshushwa kwa sababu mjumbe wa darasa la pili alileta hoja. Hapo ndipo wengine watajua kusema kuna faida.

Mzee wa Zamu: Mtoto wa miaka 8 aamue nini? Enzi zetu kiranja aliteuliwa na mwalimu na shule ilitulia. Leo komeo, kesho watapiga kura hesabu ifutwe.

Kalamu ya Risasi: Mzee, heshima yako, lakini kusikilizwa si kuamua kila kitu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ibara ya 12, unasema mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ayatoe kwa uhuru katika yanayomhusu, na yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Hesabu itabaki palepale.

Mwalimu, tafuta ngazi ya ushiriki ya Roger Hart, mchoro unaoonyesha watoto wanashirikishwa kwa kiasi gani, ilitolewa na UNICEF 1992. Ina vipandio 8. Vitatu vya chini, yaani watoto kutumiwa, kuwekwa kama pambo na kushirikishwa kwa jina tu, havihesabiwi kabisa kuwa ushiriki. Mwonyeshe mkuu wako, muulize baraza lenu liko kipandio gani. Mchoro utasema bila wewe kumnyooshea mtu kidole.

Mama Wawili: Mimi mzazi. Wanaochaguliwa ni wale wale wenye maneno mengi. Mkimya anasahaulika hata kura ikiwa ya siri. Kila darasa likutane kabla ya baraza. Mwalimu Célestin Freinet wa Ufaransa alitumia gazeti la ukutani: watoto wanaandika malalamiko, pongezi na maombi, kisha yanajadiliwa darasani. Asiyejua kuandika achore.

Chaki Mbili: Naongeza. Kubaliana na mkuu mapema yapi hayaletwi barazani, kwa mfano adhabu ya mtoto fulani au mambo binafsi ya walimu. Yanayobaki yote yajibiwe: ndiyo, au hapana na sababu yake, au bado na tarehe. Yaandikwe daftarini, na mkuu aje mwenyewe kuyajibu. "Hapana" yenye sababu mtoto anaielewa. Kimya ndicho kinachoua baraza.

Mleta uzi: Asanteni sana. Komeo nalishughulikia wiki hii, na daftari nitampelekea mkuu. Ila yule binti, nimwombe aongee tena mbele ya wote?

Mama Wawili: Usimlazimishe. Mwombe aje apime komeo likae wapi.

Mzee wa Zamu: Kama mmeshaamua, basi mpimieni mfupi kuliko wote wa darasa la kwanza, si yeye. Msije mkatoboa mlango mara mbili.